Mama hacheki tena tangu kemo ya tatu, je kukata tamaa kunasambaza kansa?

"Shikamoo daktari. Naomba unisaidie nimechanganyikiwa. Mama yangu ana miaka 52, tunakaa Dodoma huku Nkuhungu. Alitolewa titi la kushoto, akapangiwa kemo nane, yani dripu za dawa ya kansa, nne za ile dawa nyekundu halafu nne za dawa nyingine, ameshamaliza tatu. Mama ndo alikuwa mchekeshaji wa ukoo mzima na ni mwanakwaya, lakini tangu dozi ya tatu amenyamaza, hali vizuri, analala anageukia ukutani. Juzi tumempeleka kupima damu, tulivyofika tu getini akaanza kutapika na hata hajachomwa kitu. Mjomba anasema hiyo ni roho yake inaikataa dawa, anataka tuache kemo twende mlimani tukafunge siku saba. Shangazi tukicheka tu anatugombeza, anasema mnachekaje na mgonjwa yumo ndani. Dada yangu kila siku anamwambia mama usikate tamaa, ukikata tamaa kansa inasambaa, na mama ndo anazidi kulia. Je ni kweli? Tufanyeje tumaini lirudi? Dozi ya nne ni alhamisi ijayo na amesema haendi."

Marahaba mwanangu, na poleni sana wewe na mama. Nitakujibu kwa urefu maana haya uliyoandika yako kwenye familia nyingi sana na alhamisi sio mbali, kwahiyo soma taratibu, na kama kuna wa kumsomea msomee, hasa dada yako na mjomba.

Hapana, kukata tamaa hakusambazi kansa. Nalianza hili kabla ya mengine yote kwasababu naona ndo linalomuumiza mama kuliko hata hiyo dawa. Seli za kansa hazijui kama mtu amelia au amecheka, zinagawanyika ovyo kwasababu vinasaba vyake vimeharibika, na zinasafiri kwa njia ya damu na mirija ya limfu. Na watu wamelichunguza jambo hili, mwaka 2007 Marekani mtafiti James Coyne na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 1,093 wa kansa za kichwa na shingo, waliangalia nani alikuwa na moyo mchangamfu na nani alikuwa amenyong'onyea, wakakuta hali ya moyo haikuonyesha nani ataishi zaidi ya mwenzake. Sasa mfikirie mama. Anaumwa, nywele zimetoka, mdomo una vidonda, halafu anaambiwa kila chozi lake linaulisha ugonjwa. Analia, anaogopa kwasababu amelia, ile hofu inamliza tena. Dada yako anaongea kwa mapenzi na kwa woga wa kumpoteza mama, nalijua hilo, lakini mwambieni aache kabisa hayo maneno leo hii, na ikiwezekana amwambie mama mwenyewe kwa mdomo wake, "mama lia tu, haina madhara."

Utaniuliza sasa kama ni hivyo tumaini lina faida gani? Lina faida kubwa sana ila watu wanalitafuta sehemu siyo. Wanalitafuta usoni, mgonjwa akitabasamu wanasema ana imani, akinuna wanasema amekata tamaa. Kwangu mimi mgonjwa mwenye tumaini ni yule anayefika kwenye kile kiti cha dripu tarehe aliyopangiwa, hata kama amefika kanuna na analia njia nzima, anayekunywa maji hata kama hayapiti, na anayesema ukweli akiulizwa unaumwa wapi. Hayo ndo yana uzito kwenye matibabu. Gianni Bonadonna wa Milan, Italia, alifuatilia kwa miaka 20 wanawake waliopata kemo baada ya kufanyiwa upasuaji wa kansa ya matiti, na matokeo aliyoyatoa 1995 yalionyesha waliopata angalau asilimia 85 ya dozi yote waliyopangiwa ndo walionufaika vizuri zaidi. Ndo maana nahangaika na hiyo alhamisi yenu. Mama akifika pale na uso wa huzuni amefika, inatosha kabisa.

Twende kwenye la getini, maana hapo mjomba ameona kitu cha kweli ila amekitafsiri vibaya. Kutapika kabla ya dawa kunajulikana sana kwa watu wa kemo na mara nyingi kunaanza baada ya dozi kadhaa, hasa kama zile za mwanzo zilimtapisha sana. Ni ubongo umejifunza. Kama ulishawahi kula samaki akakudhuru vibaya utaelewa, miaka inapita lakini harufu tu ya samaki inakugeuza tumbo. Kwa mama ubongo umeshaunganisha geti, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, sare za manesi, pengine hata ile bajaji mnayopanda, na kutapika, kwahiyo akiona geti mwili unatangulia wenyewe. Hajitakii, hana pepo, na wala sio dalili kwamba dawa inakataa kufanya kazi mwilini. Na dawa ipo. Mwambieni daktari hivyohivyo ulivyoniandikia mimi, kwamba anatapika getini kabla ya dripu, maana hapo kuna kidonge cha kutuliza hofu anachoweza kuandikiwa anywe usiku wa kuamkia siku ya dozi na asubuhi yake, na zile dawa za kuzuia kutapika zinaweza kuongezwa au kubadilishwa. Wengi hawasemi, wanaona ndo kemo ilivyo, wanavumilia. Msivumilie. Mwaka 2017 Ethan Basch wa Marekani alitoa utafiti kwenye wagonjwa wa kansa zilizosambaa, kundi moja walikuwa wanaripoti dalili zao kila wiki na nesi anashtuliwa zikizidi, kundi lingine walihudumiwa kama kawaida, na walioripoti waliishi kwa wastani kama miezi mitano zaidi. Kusema tu jamani! Kwahiyo nunueni daftari dogo, kila siku andikeni ametapika mara ngapi, amekula nini, joto limefika ngapi, amelala saa ngapi, mkienda mnalifungua mbele ya daktari.

Kuhusu ukimya wa mama, kabla hujasema amekata tamaa angalia kwanza ni siku ya ngapi tangu dozi. Kemo nyingi zinapiga seli zinazogawanyika haraka, za kansa zinapigwa lakini na za nywele, za mdomo na utumbo, na za uboho unaotengeneza damu nazo zinapigwa. Damu ikipungua mtu anachoka uchovu ambao kulala hakuumalizi, kuinua kikombe tu ni kazi, sasa mtu wa namna hiyo utani ataupata wapi? Pia kuna deksamethasoni, ile dawa wanayopewa ili wasitapike, inamfanya mtu awe macho usiku kucha siku mbili tatu za mwanzo, halafu ikiisha mwilini anadondoka ghafla, huzuni, machozi bila sababu, hataki mtu. Mkilijua hili mtaona kuna mpangilio, siku mbaya zinakuja na zinapita, na wiki ya tatu kabla ya dozi nyingine mama wa zamani anachungulia kidogo. Ila ukiona amekaa wiki mbili mfululizo huzuni haiinuki hata siku moja, hana hamu ya kitu chochote hata vile alivyokuwa anavipenda, anajilaumu, anasema amekuwa mzigo, hiyo inaweza kuwa sonona, ni ugonjwa na unatibika kwa mazungumzo na kwa dawa. Najua kwa sisi wa Dodoma ukitaja afya ya akili mtu anawaza Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, na aibu juu yake. Anzieni hapohapo kwenye kliniki yenu ya kansa, ulizeni mshauri nasaha au watu wa tiba shufaa, wale wanaopunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, na msikubali anayewaambia tiba shufaa ni ya wanaokufa, ni ya mtu yeyote anayeteswa na ugonjwa au na matibabu yake, hata anayetarajiwa kupona.

Sasa mjomba. Usigombane naye, na usiidharau imani yake mbele ya mama kwasababu mama ni mwanakwaya na imani ndo nyumba yake. Mimi wala siwaambii msiombe, ombeni sana. Lakini kaa na mjomba mfungue Isaya 38, pale mfalme Hezekia alipougua akawa karibu kufa. Aliomba, alilia sana, Mungu akasikia akamuongezea miaka kumi na tano, na nabii huyohuyo Isaya akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu. Maombi na dawa kwenye sura moja na wala havikugombana. Na majirani zenu waislamu wanalo la kwao pia, mgonjwa ameruhusiwa asifunge hata mwezi wa Ramadhani, atalipa siku nyingine au atalisha maskini. Kufunga siku saba kwa mama mwenye kemo ni hatari kweli, kwenye matibabu ya namna yake ile nyekundu mara nyingi inaenda pamoja na dawa inayoweza kuunguza kibofu kama hanywi maji ya kutosha, damu yake iko chini, na mlimani kuna baridi, vumbi na watu wengi wanaokohoa. Mpeni mjomba kazi. Yeye na wenzake ndo wafunge kwa niaba ya mama, waombe alhamisi kuanzia asubuhi mpaka dripu iishe, na kama anaweza aje nao hospitali ashike mkono. Mjomba akipewa nafasi ya heshima namna hiyo mara nyingi ule ubishi unapungua.

Na kwaya msiiache nyuma. Waiteni waimbe nyumbani, hata zile za Kigogo zenye ngoma kama mama anazipenda, ila wakae nje kwenye mti au barazani, wachache, mwenye mafua abaki kwake, na msichague siku ya saba mpaka ya kumi na nne baada ya dozi maana hapo ndo kinga ya mwili inakuwa chini kabisa. Mama asilazimishwe kuimba. Akisikiliza kwa dirishani ameshiriki. Wapo wagonjwa wanaosema kwenye kemo hawawezi kuomba kabisa, maneno hayaji, wanajiona wamemuacha Mungu, kumbe ni uchovu tu, hapo waliobaki wanaomba kwa niaba yake bila kumhoji.

Kuhusu kucheka shangazi ana pointi ila siyo yote. Kwetu utani una heshima yake, hata msibani watani wanakuja wanawachekesha wafiwa na hakuna anayeona wamekosa adabu. Sasa kama msiba una nafasi ya kicheko iweje nyumba ya mtu aliye hai iwe kimya kama kaburi? Ule ukimya mgonjwa anausoma, anajisemea moyoni kumbe wameshanizika. Na kicheko kina kazi mwilini, Robin Dunbar na wenzake wa Oxford walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliocheka pamoja walivumilia maumivu zaidi kuliko kabla hawajacheka. Kansa hakiiponyi, ila saa moja ya afadhali inatoka hapo. Anachohofia shangazi ni kicheko cha kumcheka au cha kumziba mdomo, na hapo yuko sahihi. Mama ndo awe mwenye usukani. Akitania kipara chake na nyie tanieni, asipokigusa msikiguse, na titi hivyohivyo. Kifo muacheni akitaje yeye kwanza, kwahiyo mtani wa mbali anayekuja na mizaha ya jeneza kama yuko matangani mzuieni mlangoni kwa adabu. Akiwa na homa au anatapika hakuna utani. Na akisema "naogopa," usimjibu kichekesho, hata kama kimekujia kizuri. Muulize anaogopa nini, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Mama aliyekuwa mchekeshaji wa ukoo ana tabu moja ya ziada, kila anayeingia anategemea achekeshwe. Mpumzisheni. Sasa hivi nyie ndo mmchekeshe, kaeni karibu na chumba chake mpige stori za sokoni Majengo, za watoto, za kuku aliyeingia jikoni, mcheke wenyewe kwa sauti ya kawaida, yeye akitaka ataingia na asipotaka atasinzia akiwasikia. Wajukuu waruhusiwe kumkumbatia pia, kansa haiambukizi. Ila siku mbili za mwanzo baada ya dripu anayefua nguo zenye matapishi au mkojo avae glavu na anawe vizuri, maana mabaki ya dawa yanatoka humo. Mkojo kuwa mwekundu siku ya kwanza au ya pili ni rangi ya ile dawa, ukiendelea kuwa mwekundu baada ya hapo au akikojoa kwa maumivu nendeni hospitali.

Chakula nitapita haraka. Kama mdomo una vidonda mlenda na ugali laini vinapita vizuri kuliko nyama, uji wa mtama au uwele uliopoa nao mzuri, ubuyu kuna ambao unawakata kichefuchefu lakini kwenye vidonda ule uchachu unawasha, kwahiyo subirini vipone. Matunda na zabibu zioshwe kwa maji safi. Sukutueni mdomo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwenye kikombe, mara nne tano kwa siku. Ale kidogokidogo, na msimsimamie na sahani.

Mitishamba hukuuliza ila najua inakuja, mtu ataleta chupa tu. Msimpe kitu cha kuchemsha bila daktari kujua, ini na figo zake zina kazi tayari, na kuna mizizi inagongana na kemo. Mtu akisema hospitali wanatumia kemikali tupu mwambie dawa za kansa kadhaa zenyewe zimetoka kwenye mimea, paklitakseli ilipatikana kwenye gome la mti, vinkristini kwenye ua dogo la pinki lenye asili ya Madagascar ambalo hata huku watu wanalipanda mbele ya nyumba kama pambo. Tofauti ni kipimo. Na tafadhali asije mtu akalichemsha hilo ua, ni sumu.

Hili la homa libandikeni ukutani. Nunueni kipimajoto, joto likifika 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi hata kama joto halijafika hapo, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane usiku, mseme mlangoni "yuko kwenye kemo." Msianzie duka la dawa kupima malaria mkarudi na mseto nyumbani, na msimpe panadol kwanza ili mwone, itashusha joto na kuficha hali wakati maambukizi yanaendelea kwenye damu isiyo na askari wa kinga. Hivyohivyo akitapika siku nzima bila maji kukaa tumboni, akihara sana, akitoka damu puani au kwenye fizi, akikosa pumzi au miguu ikivimba. Na akisema anataka kujiua, au ameanza kuficha vidonge, asiachwe peke yake hata dakika, mpelekeni siku hiyo.

Nikirudi kwenye alhamisi, kuna habari njema ya kweli ambayo nadhani hakuna aliyemwambia mama vizuri. Dozi ya nne ndo ya mwisho kwa ile nyekundu. Kama zinazofuata ni paklitakseli, ambayo ndo inayofuata kwa wengi, kutapika kwake mara nyingi ni kidogo kuliko hii. Ina mambo yake, ganzi vidoleni, viungo kuuma siku chache baada ya dozi, na atatakiwa aseme mapema ganzi ikizidi, lakini hicho kichefuchefu kinachomtisha mara nyingi kinalegea sana. Muombeni daktari amweleze hivyo mwenyewe. Nywele kwa wengi zinaanza kuchomoza miezi michache baada ya kemo kuisha. Kama damu ikionekana iko chini wakasogeza dozi wiki moja hiyo sio kushindwa wala mama hajafanya kosa, ni utaratibu.

Ni mtu mzima na mwili ni wake, kwahiyo msimvute kwa nguvu wala kumtisha. Muulizeni hivi, "mama, kwenye kemo kitu gani ndo kibaya zaidi kwako?" Akijibu kutapika mna la kufanya. Akijibu nimechoka, mna la kufanya. Akisema hataki kabisa kuendelea, naomba alisemee mbele ya daktari wake baada ya kusikia faida na hasara zote, badala ya kulisema kitandani akiwa hajala wala kulala. Usisubiri alhamisi, nenda wewe jumatatu kliniki na lile daftari hata kama mama hataki kutoka, waambie kuhusu getini na kuhusu kukataa dozi, uombe dawa ya kunywa usiku wa jumatano. Siku yenyewe badilini njia mnayoingilia kama ipo nyingine, apake kwenye leso harufu anayoipenda, limao au chochote, aweke masikioni nyimbo za kwaya yake kuanzia mkiwa bado mbali na geti.

Na wewe gaweni zamu, umeandika saa tisa usiku. Mmoja alale na mama, mwingine jikoni, mjomba nauli na maombi, shangazi apokee wageni maana naona hiyo kazi anaiweza. Ukitoka kliniki jumatatu niandikie walichosema.